Kukata, Kutema, Kumega

Litapunga ni kata. Imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, mkoani Katavi, jirani na makazi ya Katumba, na mgeni anayekwenda huko aghalabu hufikia Mpanda mjini kwanza. Mwenyeji wake akitakiwa kujaza fomu yoyote ya serikali huandika kwa mpangilio unaofahamika nchi nzima: kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa. Katika majina hayo sita, ni moja tu lenye makali. Tarafa na wilaya tumezipokea kutoka Kiarabu. Kata tumeichukua kwenye kitenzi cha jikoni na shambani, kitenzi ambacho mtoto hukielewa mapema kwa sababu ndicho anachoonywa nacho akikaribia kisu: utajikata.

Nimekaa na kitenzi hicho muda mrefu, na kila nikikirudia naona kwamba Katavi ni mahali pazuri pa kukifikiria, kwa kuwa huko karibu maana zake zote zimefanya kazi kwa watu wa kweli, kwenye ardhi inayojulikana.

Tuanze na jambo dogo la magazetini. Mkoa wa Katavi ulipozaliwa mwaka 2012, waandishi waliandika kwamba umemegwa kutoka Rukwa. Rukwa nao uliundwa katika miaka ya 1970 kwa kumega Mbeya na Tabora. Kumega ni kazi ya vidole. Tunamega ugali, tunamega mkate, na ukingo wa kilichomegwa haunyooki. Anayemega huwa anakula au anampa mwenzake ale. Lugha imeona kwamba mikoa humegwa, kwa sababu kila mkoa mpya ni tonge lililotoka kwenye sinia kubwa zaidi. Lakini lilipofika eneo dogo ambalo diwani anaweza kulizunguka na kuwajua watu wake kwa sura, lugha ikaacha vidole ikashika kisu. Kata ina mpaka. Mtu yuko ndani au yuko nje.

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya vitenzi vichache vinavyofanyishwa kazi nyingi kupita kiasi. Hutoa mfano wa kupiga na kukata: tunapiga simu, pasi, picha na mbizi, tunakata tiketi, rufaa, tamaa na kona. Husema hivyo kwa huruma, wakidhani wanaeleza upungufu. Wangekumbuka Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755. Katika dibaji yake alilalamika hasa juu ya vitenzi vifupi vya kila siku, ambavyo maana zake zilimponyoka kila alipojaribu kuzishika, na kitenzi "take" peke yake alikipa maana zaidi ya mia moja. Katika toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, kitomeo kirefu kuliko vyote kilikuwa cha "set". Wahariri wa toleo linalofuata wamekwisha kuhesabu maana zaidi ya 600 za "run". Hakuna aliyeambiwa kwamba Kiingereza ni maskini. Kitenzi kinachotumika sana huota matawi, na lugha yoyote iliyo hai ina vitenzi vya namna hiyo.

Lakini kwa Kiswahili kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonivuta. Ukitazama visawe vya kukata utaona kwamba lugha hii haikukosa maneno ya makali. Nyasi tunazifyeka. Matawi tunayapogoa, au tunayakwanyua kama hatuna chombo. Kuni tunazichanja, mbao tunazipasua, mnyama tunamchinja, nyuki tunawarinia asali, magome tunayabandua. Nywele zinanyolewa, ngozi inatiwa chale, mgonjwa anapasuliwa hospitali. Kila kazi ya mkono imepata kitenzi chake, na kila kitenzi kinajua chombo chake na kitu chake. Fundi wa mbao akisikia mtu anasema amekata mbao badala ya kupasua ataelewa, ila atajua kwamba huyo hana msumeno nyumbani.

Kwa hiyo kukata, baada ya kuwagawia jamaa zake sehemu kubwa ya msitu na zizi, kilibaki na nafasi ya kushughulikia vitu visivyoshikika. Kikapewa shauri, hukumu, rufaa, tamaa, kiu, pumzi, kauli, roho, undugu, usingizi, maini. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba mambo mazito ya maisha ya mtu yamo humo karibu yote: anapoamua, anapohukumiwa, anapopinga, anapopoteza matumaini, anapoagana na jamaa, anapokufa. Mgonjwa hukata kauli kwanza, ndipo akakata roho. Waliowahi kukaa usiku kucha kando ya kitanda wanajua kwamba maneno hayo mawili hayafanani, na kwamba saa zilizo kati yake ni ndefu.

Miongoni mwa visawe hivyo kimoja nimekiweka kando makusudi, kwa kuwa kinastahili nafasi yake. Ni kutema. Kiswahili cha leo kimekidhoofisha. Tunatema mate, nyoka anatema sumu, klabu ya mpira inamtema mchezaji. Kutema kuni tunakusikia kwa nadra, na kijana wa mjini anaweza kushangaa. Lakini mzizi huo ni wa kale katika lugha za Kibantu, na maana yake ya msingi ni kukata mti kwa shoka au panga. Magharibi ya Tanzania haukudhoofika. Umo katika Kinyamwezi na Kisukuma. Umo pia katika Kirundi, ambamo gutema ni kukata kwa panga au shoka. Ndiyo kusema kwamba Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao na watu wenye asili ya Burundi wanaoishi Katumba, wakikutana mbele ya mti mmoja, wana neno moja la kuuangusha.

Na kutokana na neno hilo tulipata cheo. Mtawala wa Wanyamwezi na Wasukuma aliitwa mtemi, na Wakonongo, wenyeji wa sehemu hizi za Katavi na ndugu wa karibu wa Wanyamwezi, walikuwa na watemi pia. Mirambo, aliyetikisa njia za biashara za kati hadi kifo chake mwaka 1884, alikuwa mtemi. Historia imetunza maelezo mawili ya cheo hicho. La kwanza linasema mtemi ni yule ambaye mababu zake walitangulia kuutema msitu, wakafungua shamba na kuwakaribisha wengine. La pili linasema mtemi ni yule anayekata maneno ya watu, yaani anayesikiliza pande mbili na kuamua. Wasomi wamebishana lipi lilitangulia. Mimi sioni sababu ya kuchagua. Aliyefungua shamba ndiye anayejua mpaka unapopita, na watu wakigombania mpaka watamwendea yeye. Shoka na hukumu zilikuwa kazi za ukoo mmoja.

Kirundi kina njia yake ya kusema jambo hilohilo. Kuamua kesi huko ni guca urubanza, na guca ni kukata. Wazee waliopewa jukumu hilo, abashingantahe, walikata kesi za vilimani kwa karne nyingi kabla ya mahakama za kikoloni. Kiswahili kinasema kukata shauri, kukata hukumu. Sitaki kutoa nadharia kubwa hapa. Natosheka kuona kwamba watu waliokutana Katavi kutoka pande mbalimbali, wengine wakikimbia mauaji, wengine wakitafuta malisho, wengine wenyeji tangu zamani, hawakuhitaji kufundishana kwamba kuamua ni kukata.

Na uamuzi mkubwa kuliko yote uliokatwa sehemu hizo katika zama zetu ni wa Katumba. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya watu walivuka mpaka, na serikali ya Tanzania ikawapeleka Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Walikabidhiwa msitu wa miombo. Waliutema, kwa maana kamili ya neno hilo, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na baada ya miaka kadhaa wakaweza kujilisha na kuuza ziada. Watoto waliozaliwa huko walikua wakizungumza Kiswahili, wakasoma shule za huko, wakazika wazazi wao huko. Kisheria waliendelea kuwa wakimbizi.

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, zilikubaliana kwamba watu hao waulizwe: unarudi Burundi, au unaomba uraia wa Tanzania? Takriban wanne kati ya watano walichagua Tanzania. Nadhani hatujautafakari vya kutosha uzito wa swali lile. Mzee aliyekimbia akiwa kijana, mwenye kiwanja cha baba yake upande ule na makaburi ya watoto wake upande huu, alitakiwa kukata shauri kwa kuweka alama kwenye karatasi. Upande wowote angechagua, kulikuwa na kitu kinachobaki ng'ambo ya kisu. Kiswahili kinapotumia kitenzi hicho kwa uamuzi kinasema ukweli huu: mwenye kukata shauri haongezi kitu kwenye maisha yake bila kutengana na kingine.

Kisha ikatokea jambo la pili. Mwaka 2010 maombi ya zaidi ya watu 162,000 yalikubaliwa, lakini vyeti havikutolewa. Ulikuwapo mpango wa kuwahamishia raia hao wapya mikoa mingine, waiache ardhi waliyoifungua. Walikuwa wamekata shauri, ila shauri lao halikuwa limekatwa. Sarufi ya shuleni ingesema ni kitenzi kimoja katika kauli mbili, ya kutenda na ya kutendwa. Kwa watu wa Katumba kati ya kauli hizo mbili kulikuwa na miaka minne ya kutojua kama wapande mwembe. Mpango wa kuwahamisha uliachwa, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Makazi ya wakimbizi yakawa mahali pa raia wenye diwani na haki ya kupiga kura.

Hapo ndipo kata ilipokuwa zaidi ya mstari wa ramani. Mkimbizi huishi kwenye kambi au makazi, na mkuu wa makazi huteuliwa na wizara. Raia huishi kwenye kata.

Nataka kurudi kwenye kauli za kitenzi, kwa sababu mnyambuliko wa kukata umenifundisha kusikiliza nani anatajwa na nani anafichwa. Umeme umekatika: hakuna aliyefanya, imetokea tu. Umeme umekatwa: kuna mtu, na pengine kuna deni. Mfanyakazi hasemi mshahara wake umekatika, husema amekatwa, na anajua ni ofisi gani ya kuulizia. Katika siasa jina la mgombea hukatwa, halikatiki. Mvua nayo tunaipa mikono: mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikata reli ya kati, na watu wa Mpanda, ambao tawi lao la reli kutoka Kaliua linategemea njia hiyohiyo, waliionja adha ya mvua iliyonyesha mbali nao.

Sasa sikiliza tunavyozungumzia msitu. Msitu umekwisha, tunasema. Miti imepungua. Mvua zimebadilika. Hakuna hata kitenzi kimoja hapo chenye mtendaji. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, msimu baada ya msimu, na kuni hizo zimetoka miombo ileile iliyofunguliwa na wakulima wa Tabora na Katavi. Mkulima aliambiwa alime kwa sababu zao hilo lina bei na mkopo wa mbolea. Kampuni inanunua jani, halmashauri inapata ushuru, taifa linapata fedha za kigeni. Wote hao wameshika mpini wa shoka moja. Kauli mbiu ya kata mti, panda mti ni nzuri, lakini inasema na mtu mmoja tu, yule mwenye jasho, kana kwamba ndiye peke yake aliyekata.

Wenyeji wa miombo wanajua pia tofauti ambayo kauli mbiu haiitaji, nayo ni kati ya kukata na kung'oa. Mti wa miombo uliokatwa ukaachiwa kisiki huchipua, na baada ya miaka, kama moto na jembe havikurudi, msitu hujirudisha. Kisiki kikishang'olewa kwa ajili ya matuta, hakuna kinachorudi. Aliyekata ameacha mzizi. Kwa sababu hiyo naona kukata tamaa ni msemo wenye afadhali kuliko unavyosikika. Hatusemi kung'oa tamaa. Nimewaona watu waliokata tamaa ya ndoa, ya masomo, ya kurudi kwao, na baadaye tamaa hiyo ikachipua mahali palepale.

Kuna upande wa kitenzi hiki ambao ni wa kupata. Tunakata tiketi, tunakata leseni, tunakata bima, tunakata kadi ya chama. Hapa kisu kinatupa kitu. Naamini picha yake imetoka kwenye kitabu cha stakabadhi, pale karani anapokata karatasi, kipande kimoja akampa mteja na kingine kikabaki kwenye gutu la kitabu, na kila kimoja kinamshuhudia mwenzake. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Madini hayo yalikoma kuwa sababu ya treni, abiria wakabaki. Vizazi vya watu wa Katavi vimekata tiketi pale kwenda Tabora kusoma, kutibiwa, kuoa. Na kauli ya kutendea ikaongeza jambo la upendo: kumkatia mtu tiketi. Mtoto aliyepata kazi Dar es Salaam akimkatia mama yake tiketi, herufi moja ya i imebeba malezi ya miaka yote.

Jina la kata lenyewe limepitia dharau katika nchi yetu. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, wananchi wamechanga matofali na nguvu zao kujenga sekondari katika maeneo yao, na watu wa mijini wakaziita shule za kata kwa sauti ya kubeza, kwamba hazina walimu wala maabara. Upungufu ulikuwapo na mwingine upo hadi leo. Lakini kwa msichana wa Nsimbo ambaye wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumlipia bweni, shule iliyokatiwa eneo karibu na kwao ndiyo iliyokuwa sekondari pekee aliyoweza kuifikia kwa miguu. Neno hilo halikustahili kubezwa.

Baraza la kata nalo halikustahili lililolipata. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliwapa wazee wa mahali uwezo wa kusikiliza kesi ndogo za jirani na jirani, na sheria ya mahakama za ardhi ya mwaka 2002 ikawapa migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Wajumbe wanakuwa kati ya wanne na wanane, na watatu wao lazima wawe wanawake. Mwaka 2021 Bunge lilibadili utaratibu. Baraza la Kata halikati tena kesi ya ardhi. Linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, wagombanao wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa watu wa Litapunga hilo liko Mpanda mjini.

Najua sababu. Hukumu nyingi za kata zilitenguliwa kwa makosa ya utaratibu, baadhi ya wajumbe walipokea rushwa, wengine hawakuijua sheria. Kusuluhisha nako ni kazi njema, na katika ugomvi wa ndugu ni bora kuliko hukumu. Lakini mpaka wa shamba una hali yake. Mjane ambaye shemeji yake anasogeza matuta kidogo kidogo kila msimu hana cha kusuluhishwa. Shemeji anaweza kukaa kimya siku 30, kisha mama huyo atafute nauli, akabiliane na mawakili wa upande wa pili na tarehe zinazoahirishwa. Kesi yake inahitaji watu wanaoujua mti uliokuwa alama ya mpaka, na aliyeupanda, na mwaka ulipoangushwa. Watu hao wako kijijini kwake. Ningewarudishia uwezo wa kukata kesi za namna hiyo, wakiwa wamefundishwa na kulipwa posho inayoeleweka, wanawake watatu wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, na njia ya kukata rufaa ikiwa wazi kwa asiyeridhika.